Visa Huja Mwisho: Mwongozo kwa Mtaalamu wa Tumbi Anayetaka Kufanya Kazi Nje

Muuguzi aliyeshika zamu za usiku katika Hospitali ya Tumbi amekwisha kuona mengi. Barabara ya Morogoro haikosi ajali, na majeruhi wengi wa upande huu wa Pwani hufikishwa Tumbi kwanza. Kwa hiyo simshangai kijana anayeniuliza, kwa sauti ya chini ili matroni asisikie, namna ya kwenda kufanya kazi Uingereza au Ujerumani. Ninachoshangaa ni swali lake la kwanza, ambalo karibu siku zote ni hili: visa inapatikanaje?

Visa ni ukurasa wa mwisho wa daftari nene. Kurasa zilizotangulia zinajazwa hapa hapa, kati ya Kibaha na Dar es Salaam, na huko ndiko watu wanakokwama. Mwongozo huu ni wa kurasa hizo. Nitamfuata zaidi muuguzi anayekwenda Uingereza, kwa sababu ndiyo safari inayoulizwa sana Tumbi, lakini mhandisi, mhasibu na mtafiti wa miwa pale TARI Kibaha nao wataona mambo yao humu.

Kazi yako ina jina huko?

Anza hapa, kabla hujatoa hata shilingi. Kazi inayoheshimika Tanzania inaweza kukosa jina kabisa katika nchi nyingine. Mfano ulio karibu nasi ni tabibu. Chuo cha afya cha Kibaha kimetoa matabibu kwa miaka mingi, na vituo vya afya vya nchi hii vingefungwa kesho bila wao. Uingereza haina daftari la tabibu. Australia haina. Tabibu mwenye stashahada na uzoefu wa miaka kumi akifika kule hawezi kuomba usajili wa udaktari wala wa uuguzi, kwa kuwa hakusomea kimojawapo. Ni ukweli mchungu, lakini heri uusikie Tumbi kuliko kuusikia ukiwa umekwisha kulipia mtihani wa lugha.

Kwa muuguzi, tazama cheti chako ni cha daraja gani. Wa ngazi ya cheti ni muuguzi mwandikishwa, na daftari la Uingereza linamtaka mwenye sifa ya usajili kamili, yaani stashahada au shahada. Kama uko ngazi ya cheti, safari yako inaanzia darasani. Daktari ana njia yake kupitia baraza la madaktari la Uingereza, GMC, na mitihani ya PLAB. Mwalimu ana mlango mwembamba zaidi: Februari 2023 Uingereza ilirahisisha utambuzi wa vyeti vya walimu kutoka Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Zimbabwe na nchi nyingine chache, na Tanzania haikuwamo.

Jina lako, herufi kwa herufi

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wakipoteza mwaka mzima.

Mtanzania wa kawaida ana majina yanayobadilika kadiri anavyokua. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili. Kitambulisho cha NIDA kina matatu. Leseni ya uuguzi ina jina la mume, kwa sababu ilitoka baada ya harusi. Cheti cha kuzaliwa kilichukuliwa ukubwani, kikaandikwa Salumu, ilhali shuleni uliitwa Salum. Zuhura wa darasa la saba amekuwa Zuhra chuoni. Kwetu hilo halina uzito: karani anakujua, anakugongea muhuri, unaondoka. Kwa ofisa anayesoma faili lako akiwa London au Berlin, Salum na Salumu ni watu wawili mpaka uthibitishe kuwa ni mmoja.

Tusijifanye hatukuwahi kuonywa. Uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017 uliwaweka watumishi 9,932 katika orodha ya kwanza ya wenye vyeti vya kughushi, na kila aliyekuwa kazini wakati ule anakumbuka mbio za kutafuta vyeti halisi. Huko unakokwenda uhakiki ni wa kila siku.

Fanya hivi. Chagua cheti kimoja kiwe nguzo, vingine vyote vikifuate. Ushauri wangu ni kile cha Baraza la Mitihani, kwa sababu usitegemee kukibadilisha jina baada ya mtihani, ilhali vingine vina njia ya kurekebishwa. Cheti cha kuzaliwa kinarekebishwa RITA. Taarifa za kitambulisho zinarekebishwa NIDA. Tofauti ndogo ya herufi hufafanuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Kama umebadili jina kweli, kwa ndoa au kwa hiari, kiapo peke yake huenda kisitoshe. Utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Usichanganye hizo mbili. Nimemwona dada mmoja akipeleka viapo vitatu mahali palipotaka hati moja, na kila kiapo kilizidi kuleta maswali.

Pasipoti iombwe baada ya majina kutulia. Ada yake ni shilingi 150,000, inadumu miaka 10, na ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa wa Pwani iko Kibaha, kwa hiyo huna sababu ya kupigana vikumbo Dar es Salaam. Ukishaipata, jina lililo ndani yake ndilo utakaloandika kila mahali: kwenye mtihani wa lugha, kwenye usajili wa kitaaluma, kwenye akaunti ya benki, kwenye tiketi.

Nyaraka za Kiswahili, kama barua ya kuthibitishwa kazini au cheti cha ndoa, zitahitaji tafsiri inayotambulika. Ndugu yetu wa stesheneri anaweza kujua Kiingereza kukuzidi, lakini muhuri wake hautambuliki popote. BAKITA hufanya kazi hiyo.

Baraza lako na baraza lao

Usajili wa kitaaluma ni mazungumzo kati ya mabaraza mawili, na wewe ni mtu wa kubeba ujumbe, tena ujumbe wenyewe huruhusiwi kuushika. Muuguzi atahakikisha leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania iko hai, kisha ataliomba baraza hilo lithibitishe usajili na mwenendo wake moja kwa moja kwa baraza la Uingereza, NMC. Ukipewa barua mkononi ukaambiwa uitume mwenyewe, uliza tena. Kwa mhandisi ofisi yake ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa mhasibu ni NBAA, kwa daktari ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Leseni iliyolala ni kikwazo kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Fufua yako kwanza.

NMC ina mitihani miwili. Wa kwanza ni wa kompyuta, CBT, una sehemu ya hesabu za dawa na sehemu ya uuguzi, na unaweza kuufanya kabla ya kuondoka. Wa pili, OSCE, unafanywa Uingereza kwenyewe, ukiwa mbele ya mgonjwa wa kuigiza na msimamizi mwenye karatasi, na utatakiwa uufanye ndani ya miezi 3 tangu kuanza kazi. Ada zake, kwa bei ninazozijua, ni pauni 83 kwa wa kwanza na 794 kwa wa pili. Ukizidisha kwa kiwango cha leo, pauni moja ikiwa zaidi ya shilingi 3,000, utaona kwa nini ni muhimu kumuuliza mwajiri nani analipia OSCE. Hospitali nyingi za umma za Uingereza hulipa. Jibu lake lipate kwa maandishi.

Halafu lugha. NMC inataka alama 7 za IELTS ya kitaaluma katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Ama OET, mtihani uliotungwa kwa ajili ya watu wa afya. British Council Dar es Salaam hufanyisha IELTS. Wauguzi wetu huangushwa na kuandika, wala si kwa sababu ya sarufi. Tumezoea kuandika ripoti za wodini kwa vifupisho na nusu sentensi, na mtihani unataka hoja yenye mwanzo na mwisho ndani ya dakika 40. Miezi mitatu ya kuandika insha moja kila jioni, ikasomwa na mwalimu wa Kiingereza wa sekondari yoyote ya hapa Kibaha, ina faida kuliko kozi ya wiki mbili mjini.

Hakuna atakayekuja kukuchukua

Tumbi yenyewe iliota mkononi mwa wataalamu wa kigeni. Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianza mradi wao wa Kibaha mwaka 1963, na Januari 1970 zikaukabidhi kwa Serikali, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Wataalamu wale walikuja kwa makubaliano ya serikali na serikali. Wewe unayekwenda upande wa pili huna makubaliano ya namna hiyo, na jambo hilo linabadilisha kila kitu.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Tanzania imo. Uingereza inafuata orodha hiyo: waajiri na mawakala wake hawaruhusiwi kuja kutafuta wauguzi kwetu. Muuguzi mmoja mmoja, kwa hiari yake, anaruhusiwa kuomba kazi iliyotangazwa. Kenya ina hali tofauti kwa sababu ilitia saini makubaliano ya uuguzi na Uingereza mwaka 2021, kisha makubaliano ya wafanyakazi na Ujerumani Septemba 2024. Ukisikia Wakenya wanaondoka kwa makundi, usidhani nasi tuna basi kama hilo linalongoja Mbezi.

Sasa geuza jambo hilo upande wa pili. Mtu anayekodi ukumbi wa hoteli Kibaha au Mbezi, akasema ametumwa na hospitali za Uingereza kuchukua wauguzi 50, ama anavunja mwongozo wa nchi anayodai kuiwakilisha, ama hajatumwa na mtu. Kwa vyovyote, hela yako iache mfukoni.

Na vishoka hawa wana bidhaa mbili wanazozipenda. Ya kwanza ni cheti cha udhamini, kile wanachokiita CoS. Hicho hakiuzwi. Mwajiri mwenye leseni ya udhamini ndiye hukitoa kwa mtu aliyemwajiri, na hata hakina karatasi: ni namba ya kumbukumbu katika mfumo wa Serikali ya Uingereza. Ada yake ni ya mwajiri, na hawezi kukuhamishia wewe. Orodha ya waajiri wote wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali hiyo. Tafuta jina la mwajiri wako humo kabla ya kutuma nakala ya pasipoti. Tena sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inamkataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi. Bidhaa ya pili ni kazi ya kulea wazee. Mlango wa kuajiri walezi kutoka nje ya Uingereza ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Anayekuuzia kazi hiyo leo anakuuzia mlango uliotiwa kufuli, na ukimuuliza tarehe hiyo atakuambia yeye ana mtu ndani. Hana.

Kazi halali za wauguzi hutangazwa kwenye tovuti ya ajira ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Unajaza fomu mwenyewe, unasailiwa kwa video, unasubiri. Ndiyo, inachosha, na utakataliwa mara kadhaa. Muuguzi wa daraja la 5 huanzia pauni 31,049 kwa mwaka, kwa viwango vya England vya 2025/26. Usizizidishe kwa shilingi ukafurahi mpaka umeondoa kodi, pango la chumba na nauli ya basi la huko.

Samaki hununuliwa mwisho

Mtu anayekwenda soko la Maili Moja haanzi na samaki. Anachukua mchele, anachukua nazi na vitunguu, na samaki anamchukua akiwa njiani kurudi, kwa sababu jua la Kibaha halimhurumii. Nyaraka zako zipange hivyo hivyo, kwa kasi ya kuoza.

Mchele ni vyeti vya shule na chuo, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti. Havikimbii. Nazi ni mtihani wa lugha: matokeo ya IELTS yanahesabika kwa miaka 2, na ukikawia na usajili wa NMC yatakuharibikia mkononi. Samaki ni hivi vinavyofuata. Hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya uhalifu, ambayo kila ofisi huitaka iwe ya karibuni. Cheti cha kipimo cha kifua kikuu, ambacho Uingereza inakitaka kwa Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6. Hupimwi Tumbi hata kama wataalamu wa kipimo ni wenzako wa maabara, sharti iwe kliniki iliyoidhinishwa na Serikali ya Uingereza, nayo iko Dar es Salaam, na cheti hudumu miezi 6 tu. Cheti cha udhamini, ukishapewa namba, kinatumika ndani ya miezi 3.

Na fedha. Kama mwajiri hajathibitisha kukugharimia mwanzoni, unatakiwa uonyeshe pauni 1,270 zilizokaa katika akaunti yako siku 28 mfululizo bila kushuka. Hapa desturi yetu ya kuchangishana hutuponza. Shangazi anatuma leo, kaka anatuma kesho, wiki inayofuata mmoja anaomba arudishiwe kidogo ana msiba. Ikishuka hata siku moja, siku zinaanza kuhesabiwa upya. Waambie ndugu mapema kwamba fedha hizo zina kifungo cha mwezi mmoja.

Ukifika hapo, visa yenyewe ni fomu ya mtandaoni, alama za vidole na kusubiri. Visa ya watumishi wa afya ina ada ndogo kuliko ya wafanyakazi wengine wenye ujuzi, iliyokuwa pauni 304 kwa isiyozidi miaka 3 mwaka 2025, na haina ile tozo ya afya ambayo wengine hulipa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa visa. Muuguzi anaruhusiwa kuomba aambatane na mwenzi na watoto walio chini ya miaka 18. Mhandisi au mtaalamu wa kompyuta anayepitia visa ya kawaida ya ujuzi atambue kwamba tangu Julai 2025 kazi yake lazima iwe ya kiwango cha shahada, na mshahara wa jumla unaotakiwa umepanda hadi pauni 41,700.

Njia nyingine, kwa ufupi

Ujerumani mlango mkuu ni lugha. Vyeti vyako vya uuguzi vitapimwa, utaambiwa upungufu uko wapi, utauziba kwa mafunzo ya nyongeza au mtihani. Lakini bila Kijerumani cha ngazi ya B1 hadi B2 hakuna mazungumzo. Goethe-Institut iko Dar es Salaam. Hesabu mwaka mzima wa masomo na nauli za kupanda na kushuka Kibaha.

Australia na Kanada huchagua watu kwa alama: umri, elimu, uzoefu, Kiingereza. Australia visa nyingi za alama zinataka uwe hujafikisha miaka 45 na uwe na alama 65 kwa uchache, lakini mwenye 65 tupu atasubiri sana. Mhandisi aliyesoma kwetu huandika ripoti ya kuonyesha uwezo wake kwa Engineers Australia, yenye masimulizi matatu ya kazi alizozifanya mwenyewe. Andika "nilikokotoa", "niliamua", "nilikosea nikarekebisha". Masimulizi ya "tulifanya" hayampi mtu alama. Wala usinunue ripoti ya mwenzio. Wana mashine za kuitambua. Kanada ilianza mfumo wake wa Express Entry Januari 2015, na tangu Machi 2025 ofa ya kazi haiongezi alama tena, kwa hiyo anayekuuzia ofa ya kazi ya Kanada "ili upande alama" amepitwa na wakati.

Unachokiacha Tumbi

Usitoroke kazini. Mtumishi wa umma asiyeonekana kazini zaidi ya siku 5 mfululizo bila ruhusa anafungua njia ya kufukuzwa, na mwajiri wako mpya atataka barua kutoka kwa mkuu wako wa kazi. Omba likizo bila malipo. Wakikataa, acha kazi kwa utaratibu. Matroni uliyekuwa ukimficha mwanzoni ndiye atakayeulizwa kama unafika zamu kwa wakati, kwa hiyo mwambie mapema, kwa adabu, akiwa ametulia. Wengine wao watakusaidia kuliko ulivyotarajia.

Mkopo wa elimu ya juu haubaki nyuma. Makato ya asilimia 15 ya mshahara yatakoma siku utakayotoka kwenye orodha ya mishahara, deni halitakoma. Panga na Bodi ya Mikopo namna ya kulipa ukiwa huko. Na kama siku za mbele utafikiria uraia wa nchi nyingine, Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili.

Kuanzia kurekebisha majina hadi kupanda ndege, mwaka mmoja na nusu ni muda wa mtu aliyejipanga. Basi kesho ukitoka zamu, kabla hujalala, mwaga vyeti vyako vyote kitandani, kuanzia cha kuzaliwa hadi leseni, usome jina lako kwenye kila kimoja kwa sauti, herufi kwa herufi. Ukikuta herufi moja imezidi, unajua ofisi ya kwanza ya kwenda.